Je, Wajua? Kasisi Mmoja, Nchi Mbili

Je, wajua kwamba nyumba moja ya kasisi wa jamii ya Wasamia ilitoa Makamu wa Rais wa Kenya na pia mgombea urais wa Uganda? Kanoni Jeremiah Musungu Awori, miongoni mwa makasisi Waafrika wa mwanzo wa Kianglikana magharibi mwa Kenya, na mkewe Mariamu Odongo, walijaliwa watoto 17.

Mwana wao Moody, aliyezaliwa mwaka 1927, alikuwa mbunge wa Funyula, kaunti ya Busia, kisha Makamu wa Rais kuanzia 2003. Wakenya wengi humwita Uncle Moody. Mdogo wake Aggrey alizaliwa mwaka 1939 kijijini Budimo, mpakani mwa Kenya na Uganda. Aliruka viunzi kwa niaba ya Uganda katika Olimpiki za Roma 1960 na Tokyo 1964, akasoma Harvard, na mwaka 2001 akashindana na Yoweri Museveni katika uchaguzi wa urais wa Uganda.

Mabinti nao hawakuachwa nyuma. Mary Okelo aliongoza tawi la benki ya Barclays mwaka 1977, Mkenya mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, kisha akaanzisha shule za Makini.

Familia moja kugawanyika hivyo si ajabu: Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka hadi leo.