Kadi ya benki bila chipu: tuitazame kabla ya safari

Wengi wetu tunasafiri. Mmoja anafuata bidhaa Dubai, mwingine anaenda Ubelgiji kumsaidia binti aliyejifungua. Tunapima mizigo, tunatafuta visa, lakini kadi ya benki tunaitia mkobani bila kuitazama.

Tuitazame leo. Nyuma kuna mstari mweusi: huo ni utepe wa sumaku. Mbele, tukiona kipande kidogo cha rangi ya dhahabu au ya fedha, hiyo ndiyo chipu. Kuna kadi, hasa zile za kujazwa pesa kwanza, ambazo zina utepe tu.

Tofauti ni gani? Utepe unatoa habari zile zile kila siku. Mwizi akizinakili mara moja, anaweza kutengeneza kadi nyingine. Chipu inatoa namba mpya kwa kila malipo, kwa hiyo namba ya jana haimfai mwizi leo. Ndiyo maana Ufaransa iliweka chipu kwenye kadi zake zote za benki kufikia 1992, na nchi nyingine za Ulaya zikafuata. Mastercard imetangaza kwamba kufikia 2033 kadi zake za mkopo na za debiti hazitakuwa na utepe tena.

Dukani, muuzaji anaweza kupitisha utepe na kuomba sahihi, ikiwa mashine yake inakubali. Lakini mashine isiyo na mtu, kama ile ya tiketi za treni, ikikataa, utamwomba nani? Usiku, na mtoto mgongoni, hiyo si shida ndogo.

Basi tufanye hivi:

– Wiki kadhaa mbele, tuombe benki kadi yenye chipu, na tuulize kama inakubaliwa kule tunakoenda.

– Namba ya siri ikae kichwani, si kwenye karatasi mkobani.

– Tubebe pesa taslimu za siku za kwanza, tuzigawe mahali pawili.

– Mwenye kadi ya utepe tu anunue tiketi dirishani kwa karani, mchana, na asiiache kadi ipelekwe mbali na macho yake.

Kwenye mkutano ujao, kila mama aangalie kadi yake mwenyewe. Tusaidiane kutambua chipu, lakini namba za kadi, za mbele na za nyuma, asionyeshwe mtu, hata rafiki.