Tundu Dogo Katika Utando wa Maji

Waite watoto wako, uwape bua la mpapai na maji ya sabuni kidogo. Wakipuliza, yatatoka mapovu makubwa. Gusa moja kwa kidole kikavu: mara limepasuka. Sasa lowesha kidole katika maji yale yale, uguse jingine. Kidole kitapenya, na povu litabaki zima. Kwa nini?

Uso wa maji hujivuta daima, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Tundu likitokea katika utando mwembamba, nalo ni dogo kuliko unene wa utando wenyewe, maji huliziba. Likizidi hapo, ukingo wake huvutwa nyuma pande zote, wala hakuna wa kuuzuia. Taylor wa Uingereza mwaka 1959, na Culick wa Marekani mwaka 1960, walikokotoa mbio zake: utando wa sabuni wenye unene wa sehemu 1 ya 1,000 ya milimita hufunguka kwa mwendo wa mita 7 hivi kila sekunde. Jicho haliwahi kuona kitu.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya mapovu. Sisi wa Bariadi ni watu wa pamba. Bomba la mgongoni halitoi matone moja kwa moja. Mdomoni pake maji hutoka kama utando, kisha utando huo hutoboka au huyumba na kukatika, ndipo tunapopata matone. Mwaka 1954 Dombrowski na Fraser wa London walilipiga picha jambo hili. Dawa zile zenye mafuta, zinazogeuza maji yakawa meupe kama maziwa, hutoboa utando mapema, ungali mnene, na matone yake huwa makubwa zaidi. Lakini ukisukuma mpini kwa nguvu mno, matone huwa madogo kama ukungu, nao upepo huyachukua.

Mimi nilifanya hivyo. Siku ya upepo nilisukuma kwa pupa, nipate kuwahi kazi yangu ya ukarani parokiani. Mama watoto alikuwa akiniletea uji, upande ule ule upepo ulikoelekea. Tulimnawisha kwa maji mengi, hata hivyo macho yalimtoka machozi hadi jioni, na mdogo aliyekuwa mgongoni alikohoa usiku. Funza wa vitumba, nadhani, walikuwa wakinicheka.

Siku hizi napiga dawa asubuhi kukiwa kumetulia, mpini nausukuma polepole, na mdomo wa bomba nauweka karibu na majani. Uji hunisubiri nyumbani.