Kabla Chama Hakijanunua Gari Kuukuu



Msimu wa mavuno unapokaribia, hoja ya usafiri hurudi mezani katika vyama vingi vya msingi. Kukodi gari la kukusanya mazao vijijini ni gharama, na gari jipya liko mbali na uwezo wa chama. Hapo ndipo hupatikana mtu mwenye gari la miaka 20 au zaidi, analolitoa kwa bei nafuu, tena anataka jibu upesi. Si kosa chama kununua gari la namna hiyo. Yako magari ya zamani yaliyotunzwa ambayo bado yanafaa. Lakini fedha itakayotumika ni makato ya mkulima kwa kila kilo aliyoifikisha ghalani, na mkulima hakumtuma mtu yeyote kumnunulia mbuzi kwenye gunia.

Jambo la kukumbuka ni moja. Bei ya gari kuukuu si ile anayoitaja muuzaji, bali ni bei hiyo pamoja na fedha zote zitakazohitajika mpaka gari liweze kufanya kazi msimu mzima. Ukaguzi wote unaoelezwa hapa una shabaha ya kuijua jumla hiyo kabla shilingi ya kwanza haijatoka.

MAANDALIZI

Bodi ikae kwanza, ikiwa na bajeti iliyopitishwa na Mkutano Mkuu, iweke ukomo wa fedha kwa ununuzi na matengenezo kwa pamoja. Kisha iteue watu watatu wa kwenda kuliona gari: mjumbe wa Bodi, mwanachama anayejua kuendesha, na fundi atakayelipwa na chama. Fundi aletwaye na muuzaji ni shahidi wa muuzaji. Mtu mmoja asitumwe peke yake, hata awe mwaminifu kiasi gani, maana gari likiharibika baadaye yeye ndiye atakayenyoshewa kidole.

HATI KWANZA, INJINI BAADAYE

Injini mbovu hutengenezeka. Gari la wizi halitengenezeki. Ombeni kadi halisi ya usajili, si nakala. Gari likiwa dhamana ya mkopo, kwa kawaida mkopeshaji ndiye hushika kadi halisi, hivyo muuzaji mwenye nakala peke yake aeleze kadi iko wapi. Linganisheni namba ya chesisi na ya injini zilizo katika kadi na zile zilizo katika gari lenyewe. Katika pikapu nyingi namba ya chesisi imegongwa katika chuma chenyewe, karibu na gurudumu la mbele. Mkiona chuma hicho kimekwanguliwa, kimechomelewa au kimepakwa rangi mpya mahali hapo tu, ondokeni.

Jina la muuzaji liwe ndilo lililo katika kadi. Mwenye gari akiwa amefariki, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, wala si mtoto au ndugu kwa maneno matupu. Taarifa za usajili zithibitishwe na Mamlaka ya Mapato Tanzania, na faini za barabarani zinazodaiwa gari hilo ziulizwe Polisi wa Usalama Barabarani.

GARI LIKIWA LIMESIMAMA

Nendeni asubuhi, injini ikiwa baridi. Wekeni mkono juu ya boneti. Ikiwa ina joto, huenda muuzaji ameliwasha mapema kwa kuwa haliwaki kwa urahisi likiwa baridi; subirini lipoe.

Fungueni rejeta, injini ikiwa baridi tu. Mafuta yakielea juu ya maji, au oili katika kijiti cha kupimia ikiwa nyeupe kama maziwa, maji na oili vinakutana mahali visipopaswa, na mara nyingi hiyo ni gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe kupasuka.

Liwasheni, mkitazama moshi. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ni wa kawaida. Moshi wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua, dalili ya ringi au vali kuchakaa. Moshi mweusi mwingi katika injini ya dizeli waweza kuwa chujio la hewa lililoziba au nozeli mbovu, na ubovu huo ni nafuu zaidi. Fungueni kifuniko cha oili injini ikinguruma. Moshi ukitoka kwa nguvu na kwa mapigo, ringi zimekwisha.

Ulizeni mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Injini za dizeli za Toyota za aina ya 2L, 3L na 5L, ambazo zimo katika pikapu nyingi za Hilux za zamani, hutumia mkanda, na kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Mkanda ukikatika barabarani, pistoni hugonga vali na injini hufa hapo hapo. Muuzaji asipokuwa na stakabadhi, hesabuni kwamba haujabadilishwa.

Mita ya kilomita isiaminiwe peke yake, kwani hurudishwa nyuma. Tazameni mpira wa pedali, usukani na kiti cha dereva. Gari lenye kilomita 80,000 halina sababu ya kuwa na pedali iliyolika mpaka chuma.

Ingieni chini ya gari na tochi. Gongeni chesisi kwa spana: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu. Magari yaliyokaa pwani yaangaliwe zaidi kwa sababu ya chumvi. Kiraka cha kuchomelea katika chesisi si jambo dogo kwa gari litakalobeba magunia.

Matairi yana tarehe ubavuni, tarakimu nne za mwisho katika mfululizo unaoanza na herufi DOT. Tairi lenye 3519 lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno mazuri huku mpira umezeeka na kupasukapasuka.

BARABARANI

Kanyageni breki kwa nguvu nusu dakika kabla ya kuondoka. Pedali ikizama polepole, kuna uvujaji. Fungeni breki ya mkono, wekeni gia ya tatu, kisha achieni klachi taratibu. Injini inapaswa kuzimika; ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Mwendo uwe wa kilomita zisizopungua 20, pamoja na mlima na barabara mbovu. Angalieni kama gia inaruka, kama gari linavuta upande mmoja likifungwa breki, na kama mshale wa joto unapanda mlimani.

HESABU

Kila kasoro iandikwe na kuwekewa gharama iliyoulizwa dukani na kwa fundi. Tuchukue mfano wa tarakimu za kufundishia tu. Gari la kwanza linauzwa shilingi 12,000,000. Linahitaji matairi 1,400,000, mkanda 450,000, klachi 600,000, kufungua injini 3,500,000 na chesisi 700,000. Jumla ni 18,650,000. Gari la pili linauzwa 16,500,000, nalo linahitaji matairi na mkanda tu, yaani 1,850,000. Jumla ni 18,350,000. Gari lililoonekana ghali kwa 4,500,000 ndilo rahisi kwa 300,000, na halitalala gereji wakati mazao yananyeshewa mvua.

Hesabu hiyo ndiyo silaha ya kupatana bei. Jumla ikipita ukomo wa Bodi na muuzaji asipunguze, safari inaishia hapo. Ajapo na maneno ya kwamba kuna mteja mwingine jioni, aachiwe mteja huyo.

MALIPO

Mkataba uandikwe mbele ya wakili, utaje namba za gari na bei, na malipo yapite benki kwa jina lililo katika kadi. Sehemu ya fedha ibaki mpaka umiliki uhamishiwe kwa chama, si kwa Mwenyekiti wala kwa Katibu kwa niaba yake. Bima nayo iandikwe kwa jina la chama kabla gari halijaanza kazi.

Taarifa ya wale watatu, orodha ya kasoro na hesabu yake viambatishwe katika muhtasari wa kikao cha Bodi. Mwanachama akiuliza katika Mkutano Mkuu kwa nini gari hili lilinunuliwa na lile likaachwa, Katibu asijibu kwa kumbukumbu za kichwani, bali afungue jalada na kumsomea.