Viti vya uani virudi sebuleni

Mwaka 1963 nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilitia saini na Tanganyika mkataba wa kujenga kituo cha elimu Kibaha, kilichokabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970. Zama hizo mataifa hayo yalisifika pia kwa samani za mbao zisizo na nakshi: miguu myembamba iliyotanuka, mito ya kuondolewa.

Umbo hilo si geni kwetu. Tunaliona Kibaha na Kisarawe katika viti vya wazee vilivyotupwa uani kulaliwa na kuku, ilhali bwana harusi anaingia katika riba apate sofa zilizovimba, zisizomwachia mgeni pa kupita.

Tunashauri utafutaji uanzie uani. Ikiwa mbao hazijabunguliwa, fundi akaze maungio kwa gundi, apige msasa, apake vanishi isiyong'aa. Sponji iwe ngumu; kitambaa kiwe cha rangi moja, tuseme kijani cha zeituni. Muhimu kuliko yote, foronya ziwe na zipu. Mtoto akikojoa, mama huivua, huitoharisha na kuianika pamoja na sponji yake. Sofa iliyoshonewa moja kwa moja humhangaisha hadi Magharibi.