Mwezi Usiokuja kwa Wakati

Mama, unajua tarehe ya mwezi wako wa mwisho? Munganga akiuliza hivyo, wanawake wengi huinama. Lakini si swali la haya. Mwezi wa mwanamke unaweza kumwonyesha munganga jambo jingine lililofichwa, nalo ni sukari katika damu.

Kwa mwanamke mzima, toka siku ya kwanza ya damu hata siku ya kwanza ya damu inayofuata, hupita siku 21 mpaka 35. Msichana aliyeanza juzi juzi anaweza kupoteza hesabu kwa miaka miwili au mitatu, na huo si ugonjwa. Tena yuko mwenye mimba, anayenyonyesha, aliyechomwa sindano ya kupanga uzazi, au anayekaribia kukoma. Lakini mwanamke wa miaka 25 ambaye mwezi wake unakuja baada ya siku 40, kisha siku 60, kisha miezi mitatu, asikae nyumbani.

Huku Kolwezi mwanamke wa namna hii mara nyingi husikia neno moja tu: hazai. Ndugu za mume wanasema amefungwa na mtu. Anapelekwa huku na huku, feza inakwisha, na hakuna aliyempima sukari!

Chakula kinapogeuka kuwa sukari katika damu, mwili hutoa insulini, ambayo hufungua mlango ili sukari iingie katika nyama ya mwili. Kwa wanawake wengine mlango huo ni mzito, basi mwili huongeza insulini. Insulini ikizidi, huchochea ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, kutoa kwa wingi ile homoni ya kiume ambayo kila mwanamke anayo kidogo. Yai halikomai wala halitoki, na mwezi haufiki. Ndevu kidevuni, chunusi nyingi, na ngozi nene nyeusi nyuma ya shingo, ambayo watu hudhani ni uchafu, ni alama za jambo lile lile. Waganga wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika habari za ovari za namna hii mwaka 1935. Habari ya insulini ilijulikana miaka mingi baadaye.

Mwaka 2001 ilitolewa huko Marekani hesabu ya wauguzi wanawake zaidi ya 100,000, waliofuatwa miaka 8. Wale ambao mwezi wao ulichukua siku 40 au zaidi, au haukuwa na mpango, walipata ugonjwa wa sukari kama mara mbili kuliko wenzao. Hatari ilizidi kwa wanene, lakini wembamba nao hawakuokoka.

Basi, uje asubuhi bila kula tangu usiku. Maji tu si neno. Sukari chini ya 100 ni vema. Toka 100 mpaka 125 ni onyo. Ikiwa 126 au zaidi, ikapimwa mara ya pili ikawa vile vile, ni ugonjwa wa sukari.

Mwenye onyo apunguze bukari sahanini, aongeze sombe na maharagwe, aache maji matamu ya chupa, atembee kwa miguu kila siku. Mnene wa kilo 90 akipunguza kilo 5 tu, huenda mwezi ukaanza kurudi. Viko pia vidonge vya metiformini, lakini munganga ndiye anayeamua.

Andika tarehe zako. Kalenda ile ile ambayo mume anaandikia zamu zake za mgodini inatosha. Na ukipata mimba, uje mapema upimwe tena, kwa maana kwako wewe sukari hupanda kwa urahisi wakati wa mimba.