Mchanga wa Malindi hauna huruma na kioo cha gemu yako

Kama umewahi kuketi ufuoni Silversands, unajua ule mchanga unavyoingia kila mahali: kwenye ndara, kwenye mkoba, hadi kwenye sahani ya viazi karai. Sasa fikiria unaingia kwenye Nintendo Switch uliyoidundulizia pesa miezi minane.

Mimi yalinikuta. Nilinunua yangu mkono wa pili, nikaona protekta ni kupoteza hela bure. Siku moja niko Bofa, Kilifi, kaskazi inavuma, nikaona vumbi kwenye kioo nikalipangusa kwa shati. Krrr! Mistari mitatu, katikati kabisa. Nilipotaka kuiuza nipate karo ya kurudi chuo, mnunuzi aliigeuza juani, akacheka, akakata bei papo hapo. Chuo sijarudi.

Wengi wetu tunadhani protekta ni ya kuzuia kioo kisipasuke. Huku kwetu adui si sakafu, bwana, ni mchanga. Huu unaoletwa baharini na mto Sabaki una chembe za mawe magumu kuliko kioo cha kawaida, sembuse plastiki. Na Switch ya kwanza, ile ya 2017, skrini yake kwa juu ni plastiki tupu. Ya OLED, iliyotoka 2021, ina kioo, ila juu yake kuna utando wa kiwandani wa kuzuia vipande visiruke kikivunjika. Usiubandue ukidhani ni ile nailoni ya dukani! Protekta inakaa juu yake.

Angalia saizi pia. Switch ya kawaida ni inchi 6.2, OLED 7, Lite 5.5. Usikubali fundi akubandikie ya simu. Pale ukingo unapobaki wazi ndipo mchanga unapojibanza.

Bandika usiku, madirisha yamefungwa, feni imezimwa. Najua joto la Malindi, lakini vumilia dakika kumi. Na ukiona mchanga juu yake usipanguse. Igeuze, ikung'ute polepole, kisha ndio utumie kitambaa cha miwani.

Ila usijidanganye: protekta haizibi matundu ya feni wala vijiti vya kuchezea. Humo mchanga na hewa ya chumvi vinaingia tu, kwa hiyo ufuoni mimi siitoi tena. Nangoja nifike barazani.

Ile mistari mitatu bado ipo, chini ya protekta niliyobandika nikiwa nimeshachelewa. Usiku huioni. Jua likiipiga tu, hiyo hapo.