Je, Wajua? Mbwa Naye Hufiwa

Mbwa wawili wanaolinda ua mmoja mjini Butembo au Beni huzoeana kwa kila jambo. Mmoja akifa, aliyebaki hubadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwauliza wafugaji 426 wa Italia waliowahi kupoteza mbwa mmoja na kubaki na mwingine: asilimia 86 waliona mabadiliko. Wengi wa mbwa hao walimganda mwenye nyumba na kupunguza kucheza. Karibu theluthi moja walipunguza kula.

Msaidie mbwa aliyebaki hivi:
• Mlishe na mtembeze saa zile zile alizozoea.
• Kaa naye na umchezeshe, bila kumlazimisha.
• Usikimbilie kuleta mbwa mwingine.
• Akisusa chakula siku mbili, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, kina kitivo cha tiba ya mifugo.

Tahadhari: kama aliyekufa alikuwa mkali ghafla au alitokwa na mate mengi, huenda ni kichaa cha mbwa. Usiguse mzoga kwa mikono mitupu. Mtu aliyeumwa na mbwa huyo aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha awahi hospitali.